Sura ya Saba: Moto Aliouona Mama Benta

"Shindilia. Bado, afande. Unashindilia kama mtu anabembeleza mtoto."

Inspekta Obeid alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, mikono imezama hadi viwiko ndani ya mkebe wa rangi wa lita ishirini. Katikati ya mkebe ilisimama chupa ya soda, na kuizunguka chupa hiyo alikuwa akijaza vumbi la mbao, konzi baada ya konzi, kisha akilikandamiza kwa kipande cha mti. Aliyekuwa akimfundisha alikaa juu ya gogo, pingu mikononi. Jina lake lilikuwa Dalmas, fundi seremala. Siku nne zilizopita tajiri wake, Absalom Ogola, alikuwa amekutwa amekufa ndani ya chumba hiki hiki kwa hewa ya jiko la namna hii.

"Likiwa legevu je?" Obeid aliuliza.

"Litabomoka ndani. Halafu ni moshi tu, hakuna joto. Ongeza."

Obeid aliongeza. Konstebo Shitanda, aliyesimama mlangoni na bunduki begani, aligeuza uso asionekane akicheka.

Vumbi lilipofika ukingoni, Dalmas alimwambia aizungushe chupa polepole, aivute juu bila kuitikisa, kisha akichomoe kijiti kilichoingizwa kwenye tundu la ubavuni, chini kabisa. Likabaki shimo la mviringo katikati, laini kama koo, na njia ndogo ya hewa chini yake. Obeid alipima kwa vidole unene wa vumbi kutoka shimo hadi ukuta wa mkebe. Vidole sita. Akaandika katika daftari lake.

Mwezi ulikuwa Julai, mwaka wa themanini na saba, na mvua ilikuwa imekataa kuondoka. Upepo wa milima ya Nandi ulishuka moja kwa moja hadi Mamboleo, na watu waliozoea jua la ziwani walitembea wamejikunyata ndani ya sweta za shule za watoto wao. Katika hali hiyo gundi haishiki, na vanishi ikipakwa inageuka nyeupe juu ya mbao kama maziwa yaliyomwagika. Ndiyo maana marehemu alipasha karakana yake joto. Mchana jiko liliwaka, milango wazi. Jioni lilitolewa nje, likawekwa chini ya paa na kufunikwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na kazi ya kulitoa ilikuwa ya Dalmas.

Dalmas alishikilia kwamba Jumatano jioni alilitoa, saa kumi na mbili na nusu, likiwa limebaki majivu tu. Alilikung'uta, akalijaza vumbi jipya kwa ajili ya kesho yake, akaliacha chini ya paa bila kuliwasha, akaenda kwake Obunga. Marehemu alibaki. Alikuwa amesema atalala kwenye kochi la karakana alinde kitanda cha arusi ambacho vanishi yake ilikuwa bado mbichi.

Alhamisi asubuhi jiko lilikuwa ndani.

"Nani alileta moto?" Obeid aliuliza kwa sauti yake ya chini. "Siku zote, namaanisha. Mlikuwa mnawashaje?"

"Makaa kutoka jikoni kwa nyumba. Kwa sepetu. Mzee hakutaka kiberiti hapa, juu ya thina na vanishi. Hata sigara ulikuwa unavuta kule barabarani."

Obeid alifungua ukurasa wa Alhamisi katika daftari. Alikuwa ameorodhesha kila kitu kilichokuwa chumbani siku ile, hadi misumari. Kiberiti hakikuwemo. Aliweka alama pembeni, ndogo, kwa penseli.

Nyumba ya marehemu ilikuwa mbele ya kiwanja, hatua thelathini kutoka karakana. Walter, mdogo wake marehemu, ndiye aliyewaletea makaa. Alikuja kwa uangalifu juu ya matope, sepetu mbele yake, na kabla ya kuulizwa akayaangusha makaa matano kwenye shimo la mkebe, akapuliza chini mara mbili. Alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kilio au kwa malaria. Alisema kama watahitaji chai, shemeji yake Lornah ameacha birika. Kisha akarudi nyumbani bila kumtazama Dalmas.

Saa tatu kamili asubuhi. Obeid aliandika saa, akauvuta mlango.

"Afande," Dalmas alisema walipokuwa nje. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Kesho kortini. Watasoma ya kuua, ama ya uzembe?"

Obeid alijua jibu. Lilikuwa juu ya meza ya mkuu wa kituo tangu Jumamosi, limepigwa chapa, linasubiri saa tatu ya kesho. Ya kuua. Fundi alitaka kufungua karakana yake Kondele, tajiri akamzuilia vyombo, wakarushiana maneno mbele ya wateja. Na shahidi, jirani Mama Benta, alikuwa ameona moto ukiwaka ndani saa mbili usiku, wakati fundi aliapa aliacha jiko nje, baridi. Mkuu wa kituo aliona habari imekamilika. Obeid alikuwa ameomba siku moja tu zaidi, na siku yenyewe ndiyo hii.

"Twende mpande gari," alisema.

Shitanda alimrudisha mahabusu kituoni. Obeid alibaki na mkebe.

Kila saa alifanya vivyo hivyo. Alifungua mlango, akasubiri nje akihesabu hadi mia tatu, akavuta pumzi, akaingia, akachoma spoki ya baiskeli katika vumbi hadi ilipogusa sehemu iliyoungua, akapima kwa vidole, akatoka, akafunga. Mara ya pili alikaa ndani muda mrefu kidogo na alipotoka kichwa kilikuwa kinagonga. Moshi wa kutajika haukuwapo. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwamba chumba kilikuwa na joto zuri, harufu nzuri ya mvule, na kitu cha kukuambia utoke hakikuwapo.

Saa nne, vidole vitano na nusu. Saa tano, vidole vitano kasoro. Saa sita, vidole vinne.

Aliishika spoki, akasimama mvuani. Alhamisi, Lornah aliporudi na gari la kwanza kutoka matangani Seme, aliingia karakanani saa kumi na mbili na nusu, akamwona mumewe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwagia jiko maji. Vumbi lililobaki lililowa likasimama kama lilivyokuwa. Obeid alikuwa amelipima mwenyewe siku ile bila kujua kwa nini anapima. Vidole vinne.

Saa tatu za kuungua, basi. Kuhesabu nyuma kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jiko lile liliwashwa karibu saa tisa na nusu usiku. Kama Dalmas angeliwasha jioni, asubuhi wangekuta majivu.

Lakini Mama Benta aliuona moto saa mbili.

Hakufurahi. Mtu mwingine angekimbilia simu, yeye alirudi kutafuta kosa lake. Huenda aliposhindilia alishindilia kidogo kuliko fundi. Huenda vumbi la leo lilikuwa kavu. Huenda usiku wa baridi jiko huungua polepole. Aliendelea kupima ili aone. Saa nane, vidole vitatu kasoro. Saa kumi, kimoja na nusu. Hata kama angekosea kwa nusu nzima, jiko la jioni lisingefika asubuhi. Mkebe ulisema jambo moja na shahidi jingine, na wote wawili hawakuwa na sababu ya kusema uongo.

Shitanda aliporudi saa kumi, alileta ujumbe kwamba mkuu anataka faili mezani kabla ya saa mbili asubuhi. Obeid aliitikia. Akamwomba amsomee tena maelezo ya Mama Benta.

Shitanda alisoma. "Mnamo saa mbili usiku nilitoka nje kuanua nguo. Nikaona moto ukiwaka ndani ya karakana ya fundi Ogola, kupitia nafasi za mabati. Sikumwona mtu. Nilirudi ndani."

"Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, Bwana Inspekta. Nilinyoosha Kiswahili chake kidogo tu. Alisema, moto ilikuwa inawaka."

"Umeacha kitu?"

Shitanda alitazama karatasi. Alikuwa kijana wa Kakamega, mwandiko mzuri, mtu asiyependa makosa. "Kuna kimoja," alisema mwishowe. "Alisema ikazimwa wakati wa taarifa ya habari. Sasa jiko la vumbi nani atalizima saa tatu, na asubuhi lilikutwa linawaka? Niliona mama amechanganyikiwa. Sikutaka wakili aje kumcheka kortini."

Obeid hakumkemea. Aliikunja ile karatasi kwa mkunjo wake wa zamani. "Twende kwake," alisema.

Mama Benta aliishi ng'ambo ya ua wa michongoma. Walimkuta sebuleni, amepakata uteo wa omena, dagaa wa ziwani, akitoa vichanga na majani. Alikuwa mama wa miaka sitini, mwili mkubwa, na aliwapokea kama watu waliokuja kwa habari ya njaa. Wakae kwanza. Wanywe kitu. Alimwuliza Obeid kwao ni wapi, na aliposikia Mumias alisema basi ndiyo maana anaongea Kiswahili kama redio. Binti yake Awuor, karani wa chama cha ushirika, alikuwa mezani akijaza fomu. Mawingu yalikuwa mazito hivi kwamba balbu iliwashwa ingawa ilikuwa bado mchana.

Obeid alimwuliza taratibu. Nguo alizianua saa ngapi? Alijuaje ni saa mbili? Mama Benta alijibu kila kitu bila kusita. Moto ilikuwa inawaka. Ilikuwa inatoka kwa zile mashimo ya misumari, kama nyota. Alishangaa Ogola bado anafanya kazi na baridi hiyo.

"Na moto wenyewe, rangi yake?"

"Rangi?" Mama Benta alimtazama. "Wuoda, kijana yangu, moto iko na rangi gani? Moto ni moto." Wingu lilikuwa limepita, na dirisha likaingiza mwanga juu ya uteo wake. Aligeuza kichwa nusu kuelekea mezani. "Awuor, zima hiyo moto, inakula tu bure."

Obeid aligeuka kutafuta jiko. Jiko la Mama Benta lilikuwa nje barazani, limepinduliwa, baridi, kuku amesimama juu yake.

Awuor alinyoosha mkono ukutani bila kuinua macho kwenye fomu. Swichi ililia. Balbu ikazimika.

Shitanda alikuwa amefungua mdomo. Obeid aliweka kikombe chake chini, akainua uso kuitazama balbu.

"Mama," alisema, "ile uliyoiona kwa Ogola, ilikuwa moto ya jiko, ama ilikuwa hii?" Akaonyesha juu kwa kidole.

"Si hii. Yangu iko hapa. Ile ilikuwa yake." Kisha akaelewa, akacheka hadi uteo ukatikisika. "Moto ya jiko ya vumbi utaiona aje kwa mashimo ya misumari? Hiyo inalala ndani kama nyoka. Mimi nilisema moto. Moto ya stima."

Awuor hakucheka. Aliiweka kalamu chini. "Kwetu ni neno moja, Bwana Inspekta. Mach. Moto ni mach, taa ni mach, stima pia ni mach. Mama hutumia tu hiyo moja." Alitazama wageni wale wawili, mmoja baada ya mwingine. "Dalmas amefungwa juu ya hiyo?"

Obeid alisema kwamba Dalmas yuko kituoni. Alikuwa amekulia katika Kiswahili, akakipenda, akakisoma peke yake kwa taa ya chemni hadi akaheshimika nacho, na miezi minne tangu ahamishiwe huku hakuwahi kujiuliza kama neno jepesi namna ile laweza kuwa na mlango wa pili. Alikuwa ameitia sahihi karatasi ile kwa mkono wake.

Alimwuliza Mama Benta jambo moja la mwisho. Ilizimwa lini?

"Ngoma ya taarifa ilipiga, nikafunga dirisha, ikazimwa. Nikasema, sawa, amelala."

Saa tatu usiku.

Alitaka aandike maelezo mapya pale pale, lakini Mama Benta alikuwa tayari amefunga kitambaa cha kichwa. Kulikuwa na maombi kwa jirani mwingine aliyefiwa, na Awuor ndiye wa kumshika mkono kwenye matope. Jambo la kuweka dole gumba halikufaa lifanywe wima mlangoni, tena safari hii Obeid alitaka liandikwe Kijaluo kwanza, neno kwa neno, Awuor akiwa shahidi. Wakapatana asubuhi. Iwe mapema, Mama Benta alisema, kwa sababu saa kumi na mbili anatoka na omena zake kwenda Kondele, na akishafika sokoni hata mume wake hakuwahi kumwondoa.

Walirudi karakanani kwa njia ya uani. Giza lilikuwa linaanza. Obeid alifungua milango yote miwili, akahesabu mia tatu, akaingia. Mkebe ulikuwa umebaki ganda la majivu. Hakuupima. Aliinua uso.

Balbu ilining'inia katikati ya chumba kwa waya mweusi. Alikuwa ameiona siku zote nne na kuiorodhesha: balbu moja, nzima. Aliufuata waya kwa macho, juu ya boriti, hadi kona, hadi ulipotokea nje kwa tundu la bati. Alipapasa ukuta kando ya mlango, kisha mlango wa pili, kisha nyuma ya rafu ya randa na misumeno. Swichi hakuna. Alitoka nje. Waya ulikwenda hewani kutoka nguzo hadi nguzo, ukavuka kiwanja, ukaingia nyumbani juu ya dirisha la jikoni.

Jikoni. Palepale yalipotoka makaa.

"Bwana Inspekta," Shitanda alinong'ona, "Jumatano mama mwenye nyumba alikuwa Seme."

"Najua."

"Na Walter alisema alilala saa moja, na malaria. Hakuamka mpaka aliposikia nduru."

"Najua. Sema polepole."

Alirudi ndani. Alijilazimisha kufikiri kama mtu anayetaka kuambiwa amekosea. Taa iliyozimwa saa tatu si jiko lililowashwa saa tisa. Mtu anaweza kuzimia kaka yake taa, akalala, akasahau kwamba aliamka. Homa hufanya hivyo. Marehemu mwenyewe angeweza kwenda jikoni usiku wa manane, akachota makaa kwa sababu ya baridi. Lakini huyo ndiye aliyekataza, kwa miaka tisa, jiko kuingia ndani mlango ukifungwa. Bado haikutosha. Ilitosha kumzuia mtu mmoja asisomewe kosa kesho, kama tu karatasi ingekuwa na dole gumba kabla ya saa tatu.

Balbu ikawaka.

Ilimulika chumba chote ghafla: kochi, kitanda cha arusi kilichofunikwa gunia, uso wa Shitanda mlangoni. Kutoka upande wa nyumba ilisikika sauti ya Walter, tulivu, ikipita juu ya matope.

"Nimewawashia, Bwana Inspekta. Huko mtaumia."

Obeid alisogea mlangoni. Kule dirishani alionekana mtu amesimama, mwanga wa jikoni mgongoni, mkono mmoja umeinuliwa ukutani.

"Asante," alisema. "Swichi ni hiyo moja tu?"

"Ni hii tu. Marehemu hakutaka mafundi wamalize stima. Akimaliza kazi alikuwa anaita, nasi tunamzimia."

Obeid aliona kwamba Walter mwenyewe alikuwa ameyasikia maneno yake. Swali lililofuata lilikuwa tayari ulimini, dogo, jepesi. Hakuliuliza. Shahidi wake alikuwa maombini, karatasi ilikuwa tupu, na kati ya nyumba hii na ya Mama Benta hapakuwa na kitu ila ua wa michongoma.

"Basi zima," alisema. "Tumemaliza kwa leo."

Balbu ilizimika kabla hajalimaliza neno la mwisho. Kidole cha Walter kilikuwa hakijatoka kwenye swichi.

Walisimama gizani kidogo, macho yakizoea. Dirishani mtu yule hakusogea.

"Shitanda," Obeid alisema, sauti ya chini zaidi kuliko kawaida yake, "una koti zito?"

"Ninalo garini."

"Livae. Utakaa barazani kwa Mama Benta hadi alfajiri. Akirudi kutoka maombini, mwambie nimekutuma ulinde omena. Mgeni yeyote akija kubisha, jirani au si jirani, andika saa."

Shitanda aliondoka kwa njia ya uani. Obeid alifunga milango ya karakana, akapitisha kufuli ya kituo, akaivuta mara mbili. Chini ya paa, kwa mwanga wa kurunzi, alifungua ukurasa mpya. Akaandika jina la Mama Benta, tarehe ya kesho, na chini yake neno *mach*, kwa herufi kubwa, apate mahali pa kuanzia. Kisha akachora mraba mdogo pembeni, wa dole gumba, akauacha mtupu.